Mashine isiyojua kusema "sijui"

Barua ya wazi kwa wanafunzi wa informatike wa Bukavu, Uvira, Goma, Bujumbura na ng'ambo ya ziwa, na kwa walimu wanaosimamia TFC na memwari zao, kazi za kumalizia masomo

Lweba, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini

Wadogo zangu, na ninyi walimu wangu,

Asubuhi ya leo ziwa limetulia, ndagala wameanikwa mchangani, na mimi nimeketi chini ya mwembe na daftari kwa sababu ya samaki mmoja ambaye watoto wa kwetu bado wanamcheka.

Mtoto wa kaka yangu ni mmoja wenu. Anasoma informatike mjini, na likizo iliyopita alirudi nyumbani na memwari yake ndani ya simu: programu ya kutambua uvimbe wa ubongo kwa picha. Unaipa picha ya kichwa iliyotoka kwenye mashine ya MRI, ile tunayoiita IRM sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa, nayo inakuambia ni glioma, ni menijioma, au ni uvimbe wa tezi ya pituitari. Alituambia imepata asilimia 98. Kaka alifurahi hata akaagiza mikeke minono kutoka ufukoni, ikachomwa.

Dada yetu, binti wa mama mdogo, alikuwapo. Ana klishe, zile filamu za picha, za kichwa chake tangu alipougua, huzilaza chini ya godoro zisikunjike. Akaenda kuzileta. Kijana akainua moja kwenye mwanga wa mlango, akaipiga picha. Simu ikasema: menijioma, asilimia 96. Dada akatabasamu tu, maana ugonjwa wake anaujua kwa jina na kwa dozi, na si menijioma. Kijana akageuza klishe, akapiga tena: glioma, asilimia 88. Hapo nikamwambia, kwa utani wa baba mdogo, apige picha ya mukeke aliyekuwa kwenye sahani. Akasita, akapiga.

Glioma, asilimia 91.

Najua mtakavyojibu. Mtasema programu haikufundishwa kwa klishe za mlangoni, sembuse samaki. Inataka faili safi, kipande kimoja cha ubongo kwa wakati mmoja. Kweli. Ila huku kwetu mgonjwa hubeba klishe ndani ya mfuko wa plastiki, habebi faili. Na halikunishtua kosa lenyewe. Kilichonishtua ni kwamba haikuona haya. Mzee asiyeijua njia ya Kazimia atakuambia umuulize mwingine. Hii ilimwonyesha mgeni msitu na kumwapia kuwa ndiyo barabara.

Niwaeleze kwanza ya dada, msije mkadhani naandika ili kumcheka kijana wangu.

Alianza kuumwa kichwa akiwa na miaka 29. Siku zake zikakoma, tukadhani ni mimba. Mimba haikuonekana, lakini maziwa yakaanza kutoka matitini, na hakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Mnajua jambo kama hilo husomwaje kijijini. Wakwe walisema yao. Alipelekwa kwenye chumba cha maombi akakaa majuma kadhaa. Akapelekwa kwa mganga, na ya huko nayaacha hukohuko. Halafu akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Barabarani hakuiona pikipiki mpaka iwe mbele ya pua yake. Kuna mahali tulipomfikisha, jina silitaji, wakamwandikia dawa za malaria kwa mara ya tatu na kumshauri apunguze mawazo.

Mwishowe tuliuza injini ya boti. Akavuka kutoka Baraka hadi Kigoma, akapanda treni ya reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200, mpaka Dar es Salaam kwa ndugu waliobaki Tanzania tangu vita vya 1996. Huko picha ikaonyesha uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere inayoning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua. Uvimbe ule ulikuwa ukimwaga prolaktini, homoni ileile inayoamuru maziwa yashuke mama anapojifungua. Na kwa kuwa ulikuwa umekua, ulikuwa umebana kwa chini mahali ambapo mishipa ya macho mawili hupishana. Ndiyo maana alipoteza pembe zote mbili za kuona, akawa kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba.

Hakupasuliwa. Alipewa kabagolini, nusu kidonge mara mbili kwa juma. Baada ya miezi michache pembe za macho zikafunguka, siku zake zikarudi. Leo ana mtoto wa miaka miwili ambaye ndiye aliyemcheka mukeke kuliko wote.

Sasa fikirini klishe ile ingepatikana mahali penye simu yenu na pasipo daktari wa kuisoma. Tungeweza kuambiwa glioma. Na glioma iliyo kali kuliko zote, glioblastoma, hata penye upasuaji na mionzi na dawa, nusu ya wagonjwa hawafikishi mwaka mmoja na nusu. Tusingeuza injini. Tungemtandikia kitanda na kuwaita ndugu waje wamuage, naye ana ugonjwa wa nusu kidonge.

Nilimwomba kijana anieleze mashine inajifunzaje, akaeleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitenga samaki wa nyavu za usiku: ndagala huku, lumbu huku, vichanga vya mukeke kule. Hakunipa kanuni hata moja. Alinipiga kikofi mkononi kila nilipokosea, mpaka vidole vikajua. Mtandao wa neva bandia hufundishwa hivyohivyo. Unaonyeshwa picha, unabahatisha, unaambiwa umekosea kwa kiasi gani, na namba zake za ndani, mamilioni kwa mamilioni, zinasogezwa kidogo kuelekea jibu. Tabaka za mwanzo hushika kingo na mistari, za katikati hushika maumbo, za mwisho huamua. Mwaka 2012 mtandao uliotengenezwa Toronto, ukiitwa AlexNet, uliwaacha wenzake mbali katika mashindano ya kutambua picha, na tangu hapo njia hii imeingia kila penye picha. Hospitali ni mahali penye picha nyingi. Wenzetu wa Tanzania huiita akili mnemba. Jina zuri, sina ugomvi nalo.

Ila pale mwisho, pa kuamua, mmeijengea milango mitatu tu. Hesabu ya mwisho hugawa asilimia 100 kati ya milango hiyo, na hakuna wa kutokea nje. Mukeke hana budi aingie mmojawapo. Asilimia 91 ile haikuwa uhakika wa kitu chochote. Ilisema tu kwamba milango miwili mingine ilimkataa zaidi.

Halafu nikauliza picha za kufundishia zilitoka wapi, na hapa nawaomba walimu wasogeze viti. Zilitoka kwenye hifadhi ambayo nusu yenu mnaitumia: picha 3,064, zilizokusanywa kati ya 2005 na 2010 katika hospitali mbili za China, moja ya Guangzhou na nyingine ya Tianjin, zikawekwa wazi kwa watu wote. Glioma 1,426, menijioma 708, pituitari 930. Walioziweka wazi walitenda wema. Lakini picha hizo 3,064 ni za watu 233. Yaani kila kichwa kina picha kama kumi na tatu, vipande vinavyofuatana, kama muhogo mmoja uliokatwakatwa. Mkizichanganya kama karata, mkachukua sehemu ya kufundishia na sehemu ya mtihani, basi kipande cha saba cha mtu fulani kimo darasani na cha nane cha mtu yuleyule kimo kwenye mtihani. Ni kumfundisha mtoto kwa kichwa cha samaki, kisha kumpima kwa mkia wa samaki huyohuyo. Mashine inapata alama zake kwa kumkumbuka mtu, na uvimbe unaweza usiwe na kazi yoyote katika ushindi huo.

Kijana wangu alikuwa amefanya hivyohivyo. Alipogawa upya, safari hii kwa wagonjwa, ile asilimia 98 ilishuka. Hakuniambia imeshuka mpaka wapi, nami sikumbana.

Wengine mnatumia hifadhi kubwa zaidi, ya picha 7,023, yenye mlango wa nne: "hakuna uvimbe". Afadhali. Lakini ile ni mseto wa hifadhi tatu, na picha za vichwa vizima zimetoka katika mojawapo ya hizo. Mashine inaweza kujifunza tofauti kati ya hifadhi na hifadhi, weusi wa pembe na ukubwa wa fremu, ikasifiwa kwamba imejua ubongo. Si mambo ya kubuni haya. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliichunguza mashine ya kusoma nimonia kwenye eksirei za kifua, wakakuta imejua kutambua eksirei imepigwa hospitali gani; na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wa nimonia wengi kupita nyingine, ikawa inajibu kwa kutazama anwani badala ya mapafu.

Njooni basi huku kwetu na mashine hiyo. Mtu wa Fizi ameanguka kifafa akiwa na miaka 40, hajawahi kuanguka. Tuseme kwa muujiza amepata MRI, akachomwa ile dawa ya kung'arisha, na picha ikaonyesha pete inayometa ndani ya ubongo. Katika darasa la Guangzhou pete ile ni glioma kali. Kwetu inaweza kuwa kifua kikuu kilichopanda kichwani na kufanya donge. Inaweza kuwa toksoplasmosi, kama ana virusi vya UKIMWI na hajaanza dawa. Inaweza kuwa jipu la ubongo. Inaweza kuwa lava wa tegu wa nguruwe aliyejifungia humo, na huyo ni chanzo kikubwa cha kifafa katika nchi zetu zinazofuga nguruwe bila vyoo vya maana. Yote manne yana dawa. Hakuna hata moja lenye mlango wake katika programu zenu. Mtu wa kifua kikuu ataingizwa mlango wa saratani, kwa asilimia tisini na kitu, na ndugu zake watasoma namba ile kama wasomavyo hukumu.

Wala daktari bingwa hamalizi kazi kwa picha. Kwa toleo la tano la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, la 2021, ili glioma ipewe jina lake kamili hutakiwa kipande cha nyama kitolewe, kitazamwe kwa darubini, na vinasaba vyake visomwe. Jeni iitwayo IDH ikiwa imebadilika au haijabadilika, ugonjwa ni mwingine na maisha yaliyobaki ni mengine. Kwa hiyo ninyi mnaoandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba programu yenu "inachukua nafasi ya daktari", ifuteni sentensi hiyo kabla ya siku ya kutetea memwari. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton mwenyewe, baba wa mitandao hii na ambaye 2024 alipewa Nobel ya fizikia, alisema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha, kwamba ndani ya miaka mitano mashine itawapita. Miaka ilipita, na madaktari hao bado wanatafutwa kwa tochi.

Msidhani nasema kazi hii iachiwe Wachina na Wamarekani. Mashindano ya dunia ya kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo kwa mashine, BraTS, yalianza 2012, na kufikia 2021 yalikuwa na picha za wagonjwa zaidi ya 2,000, karibu wote wa nchi tajiri. Mwaka 2023 watu wa maabara ya akili bandia ya tiba ya Lagos, wakiwa na wenzao akina Udunna Anazodo walio Kanada, wakaingiza tawi la Afrika. Hifadhi waliyoitoa ina wagonjwa 146 waliopigwa picha katika vituo vya Nijeria: 95 wa glioma na 51 wa uvimbe wa aina nyingine. Ni wachache, na mashine za huko ni za nguvu ndogo, na wagonjwa hufika wamechelewa na uvimbe umeshakuwa mkubwa. Ndiyo thamani yake! Picha hizo zinafanana na maisha yetu. Kama lazima memwari yenu iwe ya uvimbe wa ubongo, ijaribuni mashine yenu mbele ya wagonjwa hao 146 kabla ya kuandika asilimia yoyote. Na mlango uliokosekana jengeni wenyewe: mashine ikiona kitu ambacho hakimo darasani mwake, iseme "sijui, mpelekeeni mtu". Hesabu zake zipo, zimeandikwa, hazihitaji kompyuta kubwa kuliko mlizo nazo. Ni vile tu haziongezi alama.

Lakini nina neno kubwa zaidi ya hilo.

Swali mnalolijibu, "ni uvimbe wa aina gani?", si swali la Lweba. Wilaya yetu ya Fizi haina mashine ya MRI. Tuna hospitali ya Nundu, tuna ya Baraka, tuna ya Fizi mlimani, na wahudumu wanaojitoa kuliko mishahara yao. Mashine ya kawaida ya 1.5 tesla hukaa ndani ya bafu la heliamu ya kimiminika, na hutaka umeme usiokatika. Sisi huchaji simu kwa paneli ya jua, siku za mvua tunapokezana. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na hata kabla ya hapo barabara ya kwenda huko haikuwa ya mtu mwenye kichwa kinachopasuka. Anayefika mbele ya MRI ameshauza kilichouzwa. Anayefika pale ana madaktari wa kumwambia ni uvimbe gani. Swali letu linatangulia hapo, linaulizwa kwenye benchi la kituo cha afya, na anayeulizwa ni muuguzi peke yake, mbele yake wagonjwa hamsini wa homa: kati ya hawa wanaoumwa kichwa, nani apande boti?

Hilo hamjalijibu. Na kulijibu kunawezekana bila picha ya ubongo, kwa sababu ubongo una dirisha.

Dirisha hilo ni jicho. Mshipa wa kuona unaotoka nyuma ya jicho ni sehemu ya ubongo wenyewe, umevikwa utando uleule na kuoshwa na maji yaleyale. Presha ikipanda ndani ya fuvu, kwa uvimbe, kwa maji ya kichwa cha mtoto, kwa homa ya uti wa mgongo, maji hayo husukuma mpaka pale mshipa unapoingilia, na kile kiduara unachokiona ukimulika ndani ya mboni hufura, kingo zake zikapotea kama mwezi wenye ukungu. Madaktari huita papiledema. Wakati mwingine hutokana na malaria ya kichwa au presha ya damu iliyopita kiasi. Kwa muuguzi wa Lweba yote hayo yana jibu moja: huyu asirudi nyumbani na parasetamoli.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wakiongozwa na Dan Milea wa Singapore walitangaza mtandao wa neva uliofundishwa kwa picha 14,341 za ndani ya jicho, kutoka vituo 19 vya nchi 11, kisha ukapimwa kwa picha 1,505 za vituo vitano vingine ambavyo haukuwahi kuviona. Angalieni hapo: vituo vingine. Katika kila macho mia yaliyofura ulikamata 96. Kati ya mia yasiyofura uliyatambua kwa haki kama 85, na hayo kumi na tano ndiyo gharama, maana ni watu watakaosafiri bure. Na milango yake ilikuwa mitatu pia, lakini wa tatu waliujenga kwa busara: mzima, amefura, na "si wa kawaida, kwa sababu nyingine".

Kamera ya hospitali ya kupiga picha hizo ni ghali. Lakini huko Nakuru, Kenya, Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, na wenzake walijaribu kipande walichokitengeneza cha kuvisha juu ya kamera ya simu, na 2016 wakaonyesha kwamba hata mtu asiyesomea udaktari, akifundishwa, anapata picha ya kiduara kile inayosomeka karibu sawa na ya kamera kubwa ya mezani. Matone ya kupanua mboni, lenzi, simu. Hivyo vyote vinaingia ndani ya mkoba wa mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita reko, na vinafika mpaka Ubwari kwa mtumbwi.

Sisemi jicho linaona kila kitu. Wapo wenye uvimbe ambao kiduara chao hakifuri. Dada yetu ni mmoja, uvimbe wake ulibana mishipa bila kuipandisha presha ya fuvu. Pengine kiduara chake kilikuwa kimepauka tu, na mlango wa tatu wa wale watafiti ungempokea, pengine usingempokea. Yeye angetambuliwa kwa vidole. Nilikuja kujifunza baadaye, Dar es Salaam, nilipomwona daktari kijana akimkalisha mbele yake, pua kwa pua, akamwambia amtazame machoni, kisha akachezesha vidole vyake kutoka pembeni, kushoto na kulia. "Unaviona?" Hakuviona. Dakika mbili, hakuna umeme, hakuna senti. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikahesabu: injini ya boti, miezi kumi na nne, wakwe, mganga.

Basi haya ndiyo ninayowaomba, na nawaomba kama anayeomba kwa wanawe. Walimu, memwari inayofuata yenye 3,064 ndani yake, mwulizeni mwandishi amegawa kwa picha au kwa watu. Akisema kwa picha, arudi nyumbani. Mwulizeni mashine yake inasema nini ikipewa kichwa chenye kifua kikuu. Mkiwa na moyo, mpeni mukeke.

Nanyi wanafunzi, mmoja kati ya kumi wenu aache fuvu aje kwenye jicho. Picha za macho ya watu wa ziwa hili sijaziona katika hifadhi ya mtu yeyote. Ndani ya jicho letu rangi ya ukuta wa nyuma ni nyeusi zaidi, na mashine iliyozoea macho mepesi inaweza kuchanganyikiwa. Picha hizo mnaweza kuzikusanya ninyi, pamoja na wauguzi, kwa idhini ya daktari mkuu wa zone ya afya na ya mgonjwa mwenyewe, aliyeelezwa kwa Kibembe au Kifuliru au Kiswahili mpaka akaelewa na akawa huru kukataa. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na data ya mwili wa mtu imo ndani yake. Msije na simu zenu kama wanaokuja kununua ndagala alfajiri, wakabeba na kuondoka.

Na msiache kutazama Mbarara. Mwaka 2022, katika chuo kikuu cha huko Uganda, watu sita wasio na mafunzo na walimu wanne waliunganisha kwa mikono yao mashine ndogo ya MRI, sumaku ya militesla 50, vipande vimetoka Uholanzi kwa ndege. Tangu masanduku yalipofika mpaka picha ya kwanza zilipita siku kama kumi na moja. Nguvu yake ni moja ya thelathini ya mashine kubwa, picha zake zina ukungu, na haiogi heliamu. Waliifikiria kwanza kwa watoto wenye maji kichwani. Siku mashine ya namna hiyo ikiteremshwa Baraka, na naamini itateremshwa, itataka programu iliyozoea ukungu, iliyofundishwa kwa vichwa vya huku, yenye mlango wa "sijui". Itamwuliza nani? Guangzhou haina ukungu wetu.

Mtoto wa kaka yangu ameandika upya kichwa cha memwari yake. Msimamizi wake, nasikia, hakufurahi, kisha alifurahi. Amepata lenzi kwa mtu. Anafanya majaribio kwa nduguze wanaokubali, na juzi alikuja akampiga picha mama yake, shemeji yangu, ambaye hana ugonjwa wowote ila hapendi kutulia. Mkono ulitikisika, mwanga ukaingia vibaya. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa Kiswahili, alivyoifundisha: *Picha haisomeki. Piga tena.*

Shemeji akauliza, "Imesema nini?"

Akamsomea. Akatulia, akampa jicho lingine.

Wenu,
Baba mdogo wa mmoja wenu, Lweba